Nyumba Isiyotaka Shombo

Nilianza kukidharau chakula kile siku ya kwanza nilipokiona, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha. Vilikuwa vipunje vya kahawia, vingine kama msalaba mdogo, vingine duara lenye tundu katikati, vikavu hivi kwamba ukivimimina kwenye bakuli la bati vinapiga kelele kama tipa linashusha kokoto. Nikaviita vikokoto. Kwenye mfuko walichora paka mweupe mwenye macho ya bluu, na pembeni yake samaki. Samaki gani, hata sijui. Hakuwa sato, hakuwa sangara, hakuwa hata furu. Kilikuwa kipande cha rangi ya waridi kilichokatwa vizuri kama keki ya harusi, hakina kichwa, hakina mkia, hakina aibu.

Sasa fikiria. Sisi ndio watu wa Mwanza. Sangara wetu anachunwa, minofu inapakiwa, inaondoka kwenda kuliwa na watu wasiojua ziwa letu liko upande gani wa dunia, na sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa na mfupa. Halafu tunaletewa biskuti zinazonukia samaki kwa mbali, kama shati la mtu aliyepita sokoni, tunaambiwa hiki ndicho chakula cha paka. Na tunashukuru!

Aliyetuletea ni dada, mtoto pekee wa mama mkubwa. Alikuwa anafanya kazi ya ofisi Dar es Salaam, akahamia kwenye ghorofa ambako mwenye nyumba hataki wanyama. Basi akaja likizo na paka wake wawili, dume wa rangi ya chungwa na jike wa madoadoa, na mifuko ya vikokoto ya kutosha kulisha kijiji. Akabandika karatasi kwenye friji: wasipewe samaki, wasipewe makombo, wapewe punje tu na maji safi. Akawabusu paka vichwani, akaondoka.

Mimi nimezaliwa Nansio, kisiwani. Kwetu paka hukaa miguuni mwa bibi anayeparua samaki, anarushiwa matumbo, anakula, akisikia kiu anateremka ziwani, basi. Hakuna aliyewahi kumwandikia karatasi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hayahitaji kuelezwa, mama akanivusha kwenda Mirongo, mjini Mwanza, kwa dada yake nijifunze cherehani. Kwa hiyo niliwakuta wale paka na vikokoto vyao kama mgeni anayekuta watoto wa bosi. Dume hasa. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kuhudumiwa. Panya akipita mbele yake alimtazama kama mzee anavyotazama taarifa ya habari, kwa utulivu, bila nia ya kuchukua hatua yoyote.

Mama mkubwa alivipenda vikokoto kwa sababu moja: havinuki. Yeye pia alikulia Nansio, amemaliza utoto wake wote juu ya dagaa, lakini alipopata cherehani ya kwanza akaapa kwamba nyumba yake haitakuwa na shombo. Na kusema kweli alikuwa na hoja. Sebule yetu ndiyo ilikuwa karakana. Magauni meupe ya kipaimara yalining'inia ukutani, majoho ya kwaya yalirundikwa kwenye kochi, na kitambaa kinakunywa harufu kuliko sifongo. Bibi harusi akivaa gauni likanuka sangara, hiyo ndiyo biashara imekwisha. Samaki aliyeingia kwetu alipikwa uani, Jumapili tu, na alisuguliwa kwa ndimu mpaka akasahau kwamba aliwahi kukaa majini.

Mambo yakaenda hivyo miezi kadhaa. Paka wanatafuna kokoto zao, krak krak, bakuli la maji limejaa kama lilivyowekwa. Asubuhi moja dume akaingia kwenye beseni lake la mchanga, akachuchumaa, akakaa sana. Akatoka. Akarudi. Akachuchumaa tena, akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa paka, ya chini, ya kukwaruza.

"Mama, huyu anasukuma na hakitoki kitu."

"Kavimbiwa," mama mkubwa akasema, pini mdomoni. "Mpe maji."

"Maji hanywi mama. Tangu lini amekunywa?"

"Basi muache, atakunywa akitaka."

Saa sita alikuwa amelala ubavu kwenye sakafu ya saruji, macho wazi, hata nzi hamfukuzi. Na mimi niliyekuwa nikimsema kila siku, nikajikuta nalia kama mjinga. Nikamtia kwenye kapu la sokoni, nikamfunika kanga, nikakimbia naye mpaka duka la dawa za mifugo.

Pale palikuwa na wafugaji wawili kutoka Usagara wanaosubiri dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mmoja akachungulia kapu.

"Binti, hiyo ni mboga au mgonjwa?"

"Mgonjwa, baba."

"Loh! Paka naye ana daktari. Mimi ng'ombe wangu wanajitibu wenyewe."

Wakacheka mpaka mmoja akashika meza. Niliwadharau wote wawili pamoja na ng'ombe wao. Bwana mifugo, Msukuma mmoja mnene mwenye mikono ya kuzalisha ng'ombe, hakucheka. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaingiza mkono kapuni, akaminya tumbo la dume kidogo tu.

"Kibofu kimekuwa limau," akasema. "Mshike miguu."

Sitaeleza yote. Alitumia kimrija chembamba kama uzi mnene, akatumia na subira ambayo sikuitegemea kwa mikono ile, na ulipotoka mkojo ulikuwa wa rangi ya matofali. Dume akalegea. Bwana mifugo akanawa mikono.

"Anakula nini huyu?"

Nilikuwa na vikokoto viwili mfukoni mwa sketi, sijui kwa nini. Nikampa. Akakisugua kimoja katikati ya vidole kama anapima mbegu.

"Wengine wanakula hivi na wanazeeka salama, kwa sababu wanakunywa maji. Huyu wako hanywi, mkojo wake umekuwa tope, na ndani umeota mchanga. Kuanzia leo chakula cha majimaji. Samaki, mchuzi. Maji yaingie na chakula, maana kwa hiari yake hayaingii."

"Sawa daktari."

"Sikiliza vizuri. Akiziba mara ya pili, nitakuwa na sindano moja tu iliyobaki, ya kumlaza moja kwa moja. Kila asubuhi tazama mchanga wake. Mkojo ukigandisha mchanga madonge madogo kama gololi, ujue bado. Donge kama yai la kuku, amepona."

Ni aibu kusema, lakini nilirudi na furaha. Mgonjwa yuko kapuni, hana nguvu hata ya kulia, na mimi natembea nimeinua kidevu, maana vikokoto vimeshindwa na karatasi ya dada imeshindwa. Mpaka nafika Mirongo nilikuwa nimeshafungua kiwanda kichwani: mapanki yanaingia mlango huu, makopo yanatoka mlango ule, na kwenye kopo nimechora paka wa kwetu, wa kijivu, sikio limetafunwa. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya sare za wafanyakazi.

Mama mkubwa alisikiliza habari ya sindano, akasema, "Basi mpikie. Lakini uani. Na upike vizuri, siyo shombo linaingia kwenye magauni ya watu."

Nikapika vizuri. Nilinunua sato mzima, mnene, nikamparua, nikamsugua kwa ndimu mbili ndani na nje, nikamwaga maji ya kwanza, nikamsugua tena. Nikamchemsha chukuchuku kama bibi alivyonifundisha: kitunguu, nyanya, chumvi ya wastani, moto mdogo. Kwetu ukimpikia mtu samaki bila kitunguu wala ndimu ni kama umemwambia humtaki nyumbani kwako. Nikatoa mifupa yote kwa vidole. Nikapanga nyama kwenye sahani ya kauri, siyo bakuli la bati, nikamwagia mchuzi, nikamwekea mgonjwa wangu mbele.

Alinusa. Akanitazama. Akanyoosha mguu wa mbele akaanza kukwaruza sakafu pembeni ya sahani, taratibu, kwa bidii, vilevile anavyofukia kinyesi chake.

Jike alikuja, akanusa, akatikisa mguu mmoja kama amekanyaga maji, akaondoka.

Mama mkubwa alicheka mpaka pini zikamdondoka. "Paka wa ziwani anakataa sato! Mshenzi wewe, watu wangapi hapa Mirongo leo hawajaonja sato?"

Jioni nikajaribu tena. Kesho yake nikapika mwingine, nikaongeza nyanya. Akafukia. Bakuli la vikokoto nilikuwa nimelificha juu ya kabati, na yeye akakaa chini ya kabati akiangalia juu kama muumini. Nilimwambia, "Kaa hivyohivyo. Tutaona nani atachoka." Nilimaanisha. Nilijua, kwa ile akili yangu, kwamba njaa ingemfundisha.

Siku ya tatu, mchana, nimetoka kufua, naingia sebuleni nasikia krak krak. Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti chini ya meza ya cherehani, kiganja wazi, dume anakula vikokoto kutoka mkononi mwake.

"Mama!"

Alishtuka kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Vichache tu. Tangu jana nampa."

"Daktari alisema nini? Unataka achomwe sindano?"

"Na wewe unataka afe njaa? Mtazame mbavu."

"Anadeka tu huyo."

"Anadeka! Nimezaa mmoja tu mimi, huyo mmoja ameniachia paka. Nimwambie paka wake amekufa kwa sababu mdogo wake alikuwa anashindana naye?"

Nikaenda uani nikaanika nguo kwa hasira, vibanio vikawa vinaruka. Alasiri nikamtia tena kapuni, nikabeba na sato wangu kwenye kontena ili bwana mifugo aone mwenyewe jinsi mgonjwa alivyo na dharau.

Alifungua mfuniko, akavuta harufu, akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja.

"Tamu," akasema. "Umepika wewe?"

"Ndiyo daktari."

"Utaolewa. Hiki humu ni kitunguu?"

"Ndiyo. Na nyanya, na chumvi. Na nilimwosha kwa ndimu mbili, hana shombo hata kidogo."

Akafunika kontena pole pole, akaisogeza mbali na kapu.

"Binti, kitunguu ni sumu kwa paka. Kinaharibu damu yake. Angekula hiki siku zote tatu, leo ungekuwa unakuja kunililia. Bahati yake ni kwamba ana maringo."

Nilihisi masikio yanawaka.

"Halafu ndimu. Paka hali kwa macho. Anakula kwa pua. Hilo shombo unalolikimbia ndilo chakula chenyewe, wewe umelisugua lote ukalimwaga uani. Umemwekea nini sasa? Pamba."

"Na njaa?" nikauliza kwa sauti ndogo. "Nimemnyima zile punje."

"Usirudie. Paka asipokula siku mbili tatu ini linaharibika, hasa mnene kama huyu. Tangu amezaliwa anajua chakula kinalia krak, wewe unataka abadilike kwa siku moja? Lowanisha hizohizo punje kwa maji ya samaki, zilainike. Kesho punguza kidogo, ongeza samaki. Keshokutwa hivyohivyo. Vuguvugu, kama ametoka kukamatwa."

Njiani sikufungua kiwanda chochote. Nilikuwa nimewadharau watengenezaji wa vikokoto, dada, wafugaji wa Usagara na paka mwenyewe, na kati yetu wote aliyebaki na akili timamu ni paka, na mama mkubwa aliyepiga magoti chini ya meza. Mimi ndiye niliyekuwa naelekea kumuua kwa upendo wa kitunguu.

Tukaanza upya. Asubuhi nilikwenda mwaloni, kwenye soko la samaki, nikanunua mapanki, nikayachemsha kwa maji matupu. Hakuna ndimu, hakuna chumvi, hakuna kitu. Kama hujawahi kuchemsha mapanki hivyo, sikushauri. Shombo lake halipandi juu kama moshi, linatembea. Liliingia kwa mlango wa nyuma, likapita korido, likafika sebuleni likakaa kwenye kochi. Mama mkubwa alijifunga kanga puani akawa anashona kama jambazi. Magauni ya kipaimara na majoho tuliyafunga kwenye nailoni moja moja, tukayahamishia chumbani kwake, juu ya kitanda, na yeye akawa analala ukingoni.

Nilidhani dume atakula uani, tupumue. Aliona kuku wa jirani akarudi mbio, tumbo linafagia ardhi. Mwanaume mzima! Basi sahani ikakaa ndani, pembeni ya cherehani, mahali alipozoea.

Siku ya kwanza niliweka vikokoto vilivyolowa vikavimba, na mchuzi kidogo. Pua yake ilifanya kazi kwa muda mrefu. Akalamba mchuzi, akaacha vikokoto vimelala kama watu waliokosa usafiri. Jike akavimalizia. Siku iliyofuata nikasagia kikokoto kimoja kikavu juu ya nyama, unga tu, akala nyama akidhani anakula unga. Nilimcheka kimoyomoyo. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi nampunguzia huku namtukana, yeye anakula huku amenipa mgongo. Na kila asubuhi nilichukua kijiko nikachokonoa mchanga. Gololi. Gololi. Gololi mbili. Asubuhi moja hakuna kitu kabisa, nikashindwa kunywa chai mpaka saa nne, alipoacha gololi nyingine.

Dada akapiga simu. Alikuwa ameona picha niliyomtumia ya sahani.

"Mdogo wangu, mnampa samaki? Karatasi si niliibandika?"

Mama mkubwa akaninyang'anya simu. "Karatasi haikojoi, mwanangu," akasema, akakata.

Lakini shida haikuwa dada. Shida ilikuwa Alhamisi, siku ya kujaribisha majoho ya kwaya. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa mama mmoja mwenye pua ya kipekee. Huyo anaingia nyumba ya mtu anajua jana walikula nini, na kesho yake parokia nzima inajua. Mama mkubwa alikuwa ananihimiza tangu alfajiri: fungua madirisha, sabuni ya kudekia, udi. Sahani ya dume nimeshaipeleka jikoni mara tatu, na mara tatu amesimama pale ilipokuwa, akalia.

Mwenyekiti aliingia, akasimama kizingitini, akavuta hewa.

"Mama, hapa mmepika samaki?"

Nilimtazama mama mkubwa. Miaka yote aliyoishi pale, hilo ndilo swali alilokuwa analikimbia. Chumbani kulikuwa na majoho ishirini na mawili ya watu wanaoshonesha kwake kila mwaka. Angeweza kusema ni jirani. Jirani hakuwepo, asingejua.

"Ndiyo," akasema. "Ni wa paka."

"Wa paka?"

"Anaumwa. Anatakiwa ale wakati akiwa na hamu, na hamu yake imekuja sasa hivi." Akanigeukia. "Lete ile sahani."

Nikaileta. Nikaiweka palepale, kati ya cherehani na miguu ya mwenyekiti. Dume akala mbele yetu wote, kelele za kulamba zimejaa sebule, na mwenyekiti amejikunyata kwenye kochi ameshika mkoba juu ya magoti kana kwamba paka atamla na yeye.

"Majoho yetu lakini hayatanuka?"

"Joho lako liko chumbani kwangu, kwenye nailoni, limelala kitandani vizuri kuliko mimi. Inuka nikupime mabega."

Akainuka. Alipotoka alisema atawaambia wenzake, hakufafanua nini. Mama mkubwa alifunga mlango akasema, "Aende. Miaka minane namshonea, hajawahi kusema asante, leo ndiyo anajua kunusa."

Siku chache baadaye nilichokonoa mchanga nikapiga ukelele. Donge kama yai. Mama mkubwa akaja na tepu shingoni.

"La nani? Isije ikawa la jike."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Tukamfungia jike chumbani, tukapepeta mchanga wote, tukaweka vigoda viwili mbele ya beseni, tukakaa. Kazi zimesimama, cherehani imefunikwa. Dume alikula, akajilamba, akalala juani, akaamka, akatupita. Mama mkubwa alikuwa anapiga mguu chini. Karibu saa sita dume akaja, akapanda kwenye beseni, akachimba. Akachuchumaa, akatutazama usoni, mmoja mmoja, kwa dharau ya mtu mkubwa anayefuatwa chooni na watumishi.

Kisha tukasikia. Mfululizo, bila kukatika, kama maji ya nguo inayokamuliwa. Mama mkubwa alifumba macho, midomo ikawa inatembea, na sikujua anahesabu au anasali. Mkojo ulipokwisha, dume akatoka, akapita katikati yetu bila kumgusa mtu, mkia juu.

"Simama basi," mama mkubwa akaniambia, macho bado amefumba. "Mapanki yanaisha mapema mwaloni."